Mkaa wa Vifuu na Mafuta Meusi ya Feri

Ukifika Soko la Samaki Feri, Dar es Salaam, saa nne asubuhi, upande wa wakaangaji, utakuta makarai yamejipanga, moto unaunguruma, na mafuta yamekuwa meusi kama kahawa tungu. Mafuta hayo aghalabu hayabadilishwi, huongezwa tu. Samaki anaingia na maji yake na chumvi yake, mvuke unapanda, na ndani ya karai kuna jambo linaendelea ambalo jicho halilioni: maji ya samaki, yakisaidiwa na joto, yanayavunja mafuta na kuacha asidi huru. Kadiri mafuta yanavyorudiwa ndivyo asidi inavyozidi. Mkaangaji huitambua kwa harufu na kwa povu. Mkemia huipima kwa matone.

Mafuta hayo yakishachoka kabisa huwa na njia chache. Mengine huchukuliwa na watengeneza sabuni. Mengine huuzwa kwa bei ya kutupa kwa mtu wa kukaangia mihogo au chipsi mahali pengine, na hapo ndipo roho inaponiuma, kwa sababu mlaji wa mwisho hajui anachokula. Yanayobaki humwagwa mtaroni. Hatua chache kutoka hapo, kivuko cha Kigamboni kinavusha watu kwa injini za dizeli, na kila lita ya dizeli hiyo imekuja kwa meli kutoka nje na kulipiwa kwa fedha za kigeni.

Kati ya karai na injini kuna kikwazo kimoja cha kikemia, nacho ni ile asidi. Makala haya yanahusu njia moja ya kukiondoa: kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha kazi ya kikemia bila chenyewe kutumika, kinachotengenezwa kwa mkaa wa mabaki ya mimea. Naiamini njia hii. Lakini naona inasifiwa kwa hesabu isiyokamilika, na sisi wa Dar es Salaam tukiibeba hivyo hivyo tutaumia.

Tuanze na sabuni, maana hapo hakuna mgeni. Kila anayepika sabuni mtaani anajua kwamba ukichanganya mafuta na kostiki soda unapata sabuni. Dizeli ya mimea nayo hutengenezwa kwa mafuta na kostiki soda, ila unaongeza methanoli na unaweka soda kidogo sana, kama kichocheo tu. Molekuli ya mafuta ni kama mti wa gliserini wenye matawi matatu marefu. Methanoli inayakata matawi hayo moja moja, na kila tawi lililokatwa linakuwa dizeli. Kilo 100 za mafuta safi na takriban kilo 11 za methanoli hutoa takriban kilo 100 za dizeli na kilo 10 hivi za gliserini. Kwa nyuzi 60 za sentigredi kazi huisha ndani ya saa moja. Ni kemia nyepesi, na ndiyo maana wengi huidharau.

Wepesi huo unategemea mafuta yawe safi. Asidi huru ikipita asilimia moja au mbili, soda inaacha kazi yake ya kuchochea, inaikimbilia asidi, na unabaki na ndoo ya uji wa sabuni usiotengana. Anachokifurahia mpika sabuni ndicho kinachomfilisi mpika dizeli.

Kikwazo hiki tulikwishakutana nacho, tena kwa gharama kubwa. Miaka ya 2000 nchi yetu ilivamiwa na ndoto ya mbono kaburi (jatropha), mmea ambao mafuta ya mbegu zake yalitarajiwa kuwa dizeli. Kisarawe, ng'ambo kidogo tu ya Pugu, zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji zilikwenda kwa kampuni ya kigeni, na mwaka 2011 kazi ikasimama. Kilwa nako mradi mwingine mkubwa zaidi ulianguka. Sababu za kuanguka zilikuwa nyingi: fedha, mavuno madogo, ahadi zilizokuzwa. Wanavijiji walibaki wakidai ardhi na ajira walizoahidiwa, na serikali ikatoa miongozo ya nishati mimea mwaka 2010, wakati maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Jambo ambalo halikusemwa sana ni kwamba hata mbegu zingejaa maghalani, mafuta ghafi ya mbono yamewahi kupimwa na kukutwa na asidi huru ya asilimia 14 hadi 15. Kostiki soda ingeyageuza sabuni. Tulikuwa tunagombania ardhi kwa ajili ya mafuta ambayo njia ya kawaida isingeyaweza bila kuyasafisha kwanza.

Njia ya zamani ya kuyasafisha ni kutumia tindikali ya salfuriki, ile ile ya kwenye betri za magari ila kali zaidi. Tindikali haiigeuzi asidi huru kuwa sabuni. Inaisaidia iungane na methanoli na kuwa dizeli, huku maji kidogo yakitoka. Kwa hiyo kile kilichokuwa uchafu kinakuwa mafuta ya injini. Tatizo lake ni kwamba tindikali ya maji haikamatiki. Ikishaingia kwenye mafuta, itakula pipa na pampu, itahitaji kuzimwa kwa chokaa au soda, kisha kuoshwa kwa maji mengi, na maji hayo yatatafuta pa kwenda.

Mwaka 2005, Michikazu Hara na wenzake, akiwemo Masakazu Toda, walichapisha katika jarida la Nature kazi iliyowashangaza wengi. Walichukua sukari, wakaiunguza nusunusu kwa nyuzi 400 hivi pasipo hewa, wakaichemsha ndani ya tindikali ya salfuriki kali kwa nyuzi 150, wakaiosha. Wakabaki na unga mweusi usioyeyuka ambao tindikali imeshikamana nao, kama rangi ya khanga inavyoshikamana na uzi. Unga huo ulifanya kazi ya tindikali, kisha ukachujwa na kutumika tena. Tangu hapo watafiti duniani wamejaribu karibu kila kitu kinachoungua: vifuu vya nazi, pumba za mpunga, makapi ya miwa, magunzi, maganda ya karanga, ya korosho na ya kahawa, na unga wa mbao. Wataalamu hukiita kichocheo yabisi cha tindikali. Mimi nitakiita mkaa tindikali, maana ndivyo kilivyo.

Kuna jambo moja ndani yake ambalo mtu wa Dar analielewa upesi kuliko mtu wa Tokyo. Mkaa unaofaa kwa kazi hii ni ule ambao haujaiva. Kila nyumba inayopikia mkaa inaujua, ule unaotoa moshi na kuwasha macho, ambao mama wa nyumbani akiukuta kwenye kopo anamrudia muuzaji kwa maneno. Mkaa ulioiva sana umeshikana ndani kwa karatasi pana za kaboni, na tindikali haina pa kujishikiza isipokuwa pembezoni. Usioiva una karatasi ndogondogo na pembe nyingi za kushika. Lakini ukiwa mbichi kupita kiasi, vipande vyake vidogo vinayeyuka na kutoroka pamoja na tindikali yao. Kuna joto la katikati, na hilo ndilo linalotafutwa. Anachokikataa mpishi, mkemia anakihitaji.

Malighafi hatuna haja ya kuitafuta mbali. Vifuu vimerundikana kila penye wakuna nazi. Keko, kwa mafundi samani, maranda na unga wa mbao hujaa hadi mlangoni. Wauza juisi ya miwa hubaki na makapi kila jioni. Pumba za mpunga zipo mashineni, ingawa hizo zina silika nyingi na mkaa wake huwa nusu mchanga. Mimi ningeanza na vifuu, kwa kuwa vina majivu machache. Majivu yana potasiamu na kalsiamu, na hizo hukaa juu ya viti vya tindikali, yaani zile sehemu za mkaa tindikali inaposhikamana, na kuvizima. Chumvi ya samaki wa Feri hufanya vivyo hivyo ikiyeyuka kwenye maji yaliyomo ndani ya mafuta, kwa hiyo mafuta lazima yaoshwe na kukaushwa kabla hayajakutana na mkaa huu. Mtu akikuambia kichocheo chake hakijali uchafu, muulize kuhusu chumvi.

Sasa nifike kwenye hesabu, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hoja yangu yote imekaa hapa.

Chukua kilo moja ya mafuta machafu. Ukitumia tindikali ya maji kwa njia ya zamani, utaweka takriban asilimia moja, yaani gramu 10. Ukitumia mkaa tindikali utaweka, tuseme, asilimia tano, yaani gramu 50 za mkaa. Ni nafuu, utasema, tindikali haigusi mafuta kabisa! Lakini mkaa huo ulitengenezwaje? Katika maabara ni jambo la kawaida kutumia mililita 10 za tindikali kali kwa kila gramu ya mkaa, na wengine hufika 20. Kwa gramu 50 hiyo ni nusu lita. Tindikali hii ni nzito karibu mara mbili ya maji, kwa hiyo nusu lita ni gramu 920.

Gramu 920 dhidi ya gramu 10. Ikiwa tindikali iliyobaki baada ya kutengeneza mkaa inamwagwa, mkaa huo lazima urudie kazi mara 92 ndipo ulingane na njia chafu tuliyokuwa tunaikimbia. Makala nyingi za kitafiti huonyesha matumizi matano, sita, pengine kumi, na mavuno yakishuka kila mara. Kwa hesabu hiyo, kinachoitwa kichocheo rafiki wa mazingira kimeubeba uchafu kutoka kiwandani na kuuhamishia mahali mkaa ulipotengenezwa. Kama mahali hapo ni bonde la Msimbazi, ambako mitaro yetu mingi inaishia na ambako mvua za masika huyarudisha maji majumbani mwa watu Jangwani, basi hatujaokoa kitu.

Hata hivyo hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili, na upande huo ndio unaonipa matumaini. Tindikali inayoshikamana na mkaa hasa ni kidogo mno. Mkaa mzuri hubeba karibu milimoli moja ya viti vya tindikali kwa gramu, sawa na kama sehemu moja ya kumi ya gramu ya tindikali. Gramu 50 zinahitaji basi kama gramu 5 tu za tindikali. Nyingine zote, zaidi ya gramu 900, zilikuwa bwawa la kuogelea. Kati ya gramu 5 na gramu 920 ndipo penye kazi ya mhandisi. Tindikali iliyobaki inaweza kurudishwa kwenye chungu kutengeneza mkaa unaofuata, mpaka maji yaliyozaliwa ndani yake yaipunguze nguvu. Zipo pia njia zinazotumia tindikali chache tangu mwanzo: mvuke wa trioksidi ya salfa badala ya dimbwi la tindikali, au kuunganisha kemikali yenye kiti cha tindikali tayari kwenye mkaa kwa joto la chini. Anayefanya utafiti huu hapa nchini angeweza kuanzia hapo moja kwa moja, bila kupita kwanza njia yote ya kurudia jaribio lile lile kwa ganda jingine.

Nasema hivyo kwa sababu utafiti mwingi wa aina hii umekuwa mashindano ya maganda. Huyu kachukua ganda la hili, yule ganda la lile, kila mmoja anapata mavuno ya asilimia tisini na kitu kwa mara ya kwanza, anachapisha, anaendelea na ganda lingine. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mara ya kwanza si kipimo, kwani mara ya kwanza ndiyo inayodanganya zaidi.

Udanganyifu huo hauna nia mbaya. Mkaa usiooshwa vizuri, au uliotengenezwa kwa joto la chini, hutoa tindikali yake ndani ya mafuta polepole. Tindikali hiyo iliyoyeyuka inafanya kazi haraka, mtafiti anaona matokeo mazuri, na sifa zinakwenda kwa mkaa. Mara ya pili mavuno yanashuka, ya tatu yanashuka zaidi. Kumkamata mwongo huyu ni rahisi: katikati ya kazi, kila kitu kikiwa bado cha moto, chuja mkaa wote utoke, kisha endelea kupasha mafuta peke yake. Kama kazi inaendelea bila mkaa, basi mkaa haukuwa mfanyakazi. Jaribio hilo linahitaji karatasi ya kuchujia na uaminifu.

Tena kinachotoroka si nguvu ya kichocheo peke yake. Kila kiti cha tindikali kina salfa ndani yake. Gramu 50 za mkaa wetu zina salfa kama miligramu 1,600. Ikitoroka sehemu moja ya kumi, hiyo ni miligramu 160 kwa kila kilo ya mafuta. Dizeli ya Afrika Mashariki iliwekewa Januari 2015 ukomo wa miligramu 50 kwa kilo, na kiwango cha Ulaya cha dizeli ya mimea ni 10. Ni kweli sehemu kubwa ya salfa iliyotoroka itaondoka na methanoli na maji. Lakini kuiachia bahati jambo la kupimwa ni kuwakosea wanaovuta moshi, na katika jiji hili wanaovuta moshi wa dizeli zaidi ni waliosimama kituoni jua la saa nane.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mwembamba kuliko wa wanaoshabikia. Mkaa tindikali usipewe kazi yote ya kutengeneza dizeli. Upewe kazi moja unayoiweza: kushusha asidi ya mafuta machafu kutoka asilimia 10 au 15 hadi chini ya moja, kisha mafuta yachujwe, yatenganishwe na maji, na kostiki soda imalizie kama kawaida. Sababu imo ndani ya mkaa wenyewe. Vinyweleo vyake ni vichache na vinapenda vitu vya asili ya maji. Asidi huru, ikisindikizwa na methanoli, inapenya na kubadilishwa kwa nyuzi 60 au 70. Molekuli nzima ya mafuta, yenye matawi yake matatu, ni kubwa na haipendi maji, inabaki mlangoni. Ndiyo maana wanaotaka mkaa ufanye kila kitu hulazimika kuongeza joto, methanoli na saa nyingi, na hapo ndipo mkaa unapochakaa. Kumpa kila mmoja kazi yake, mkaa kwa asidi na soda kwa mafuta, kunarefusha maisha ya mkaa na kufupisha siku ya kazi.

Kuna gharama mbili nyingine ambazo wakemia hupenda kuziruka.

Ya kwanza ni methanoli. Tunaiagiza, na ni sumu. Inapofusha na kuua, na haina harufu ya kumwonya mtu aliyezoea gongo. Pipa la methanoli lililoachwa wazi katika kitongoji chochote cha jiji hili ni msiba unaosubiri siku yake. Sikubaliani na wanaotaka teknolojia hii iende kwa vikundi vidogo majumbani. Iwe na uzio, kufuli, rangi ndani ya methanoli, na mtu anayejibu kwa jina lake. Ethanoli ya molasesi ya viwanda vyetu vya sukari ingeweza kuchukua nafasi yake, na ni ya nyumbani, ila kutenganisha gliserini kunakuwa kugumu zaidi. Ningependa sana kuona Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, kwenye uhandisi wa kemikali, au TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda kule Msasani, wakilikalia swali hilo moja kwa miaka mitatu bila kuhamishwa na upepo wa ufadhili.

Ya pili ni bei ya mafuta meusi. Hapa mshindani si kampuni ya dizeli. Mshindani ni mpika sabuni na yule anayeyanunua ayakaangie tena. Kiwanda kikifika Feri na bei ya chini ya hao wawili, kitarudi na madumu matupu, hata kama mkaa wake ni bora kuliko wote. Kikifika na bei nzuri, kitakuwa kimefanya jambo la afya ya umma ambalo kampeni za mabango haziwezi: kumwondolea mkaangaji sababu ya kumuuzia mwenzake sumu. Kwa upande wa mpika sabuni sina ugomvi naye, na gliserini inayobaki kiwandani inaweza kumfaa.

Bei hiyo ningeifunga na kipimo. Mtu wa kukusanya mafuta abebe chupa ya potasi iliyopimwa, ya kuzima asidi, na dawa inayobadili rangi asidi inapoisha, atone mbele ya muuzaji, wote wawili waone rangi ya waridi inapotokea. Mafuta yenye asidi chache yapewe bei ya juu. Mkaangaji akijua kwamba mafuta aliyoyatoa mapema yanalipa zaidi kuliko aliyoyachosha wiki nzima, ana sababu ya kuyatoa mapema. Samaki wake nao watakuwa bora. Sijui kipimo kingine cha maabara ambacho kingeingia sokoni na kueleweka siku ile ile.

Nisiahidi nisichokiweza. Mafuta yote ya makarai ya Dar es Salaam hayatajaza bomba la TAZAMA, lenye kilomita 1,710 hadi Ndola, ambalo tangu 2023 linapeleka dizeli Zambia. Hayatapunguza kwa kuonekana foleni ya meli za mafuta hapo bandarini. Mwenye kusema nchi itajitosheleza kwa mafuta ya chipsi anarudia lugha ya mbono, na Kisarawe wamekwisha kuisikia. Ninachokitetea ni kidogo na kinapimika: jenereta za soko, pampu, magari machache ya taka, pengine siku moja sehemu ya tangi la kivuko.

Kwa ukubwa huo, mahitaji ya mkaa nayo ni madogo. Tani moja ya mafuta ingehitaji kilo 50 za mkaa, na kama mkaa huo unadumu mara kumi kwa kweli, kilo 50 zinasafisha tani kumi. Hakuna mti wa kukatwa kwa hilo. Nalisema kwa sababu nchi imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na sitaki mtu asikie neno mkaa katika makala haya akadhani nataka tanuru lingine huko Rufiji. Vifuu vilivyokwisha kukunwa vinatosha.

Basi mtafiti yeyote atakayeniletea mkaa wake wa vifuu, nitamwomba mambo manne kabla ya kutazama mavuno yake ya kwanza. Anionyeshe lita za tindikali alizoingiza na alizozirudisha kwenye chungu. Anionyeshe jaribio la kuchuja ikiwa moto. Anionyeshe salfa ndani ya dizeli baada ya mara ya kumi. Na ayatumie mafuta ya Feri yenyewe, na chumvi yake, wala si mafuta ya dukani aliyoyatia asidi ya chupa ili yafanane na machafu.

Wakaangaji huzima moto kama saa kumi jioni. Wakati huo karai ni la uvuguvugu, mafuta hayajaganda, na ndio wakati mzuri wa kupita na dumu.